Usanifu wa Setilaiti Ndogo na Upangaji wa Safari za Anga za Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wanafunzi wa uhandisi, na wakati mwingine walimu wao, huyarudia wanapoanza kufikiria kutengeneza setilaiti. Ili hesabu zisielee hewani, majibu mengi yanatumia mfano mmoja: setilaiti ya kupiga picha za mashamba na misitu, yenye upana wa sentimita 10 kila upande na urefu wa sentimita 30, inayozunguka Dunia kwa kimo cha kilomita 550. Pale ambapo safari kubwa zaidi zinatoa funzo bora, tumezitaja hizo.

Usanifu wa chombo cha angani huanzia wapi?

Huanzia kwenye swali ambalo safari inatakiwa kulijibu, wala si kwenye kifaa ambacho timu imeshakipenda. Anayetaka kujua hali ya mahindi katika kaunti fulani hana budi kusema kwanza anataka kuona kitu chenye ukubwa gani, katika rangi zipi za mwanga, mara ngapi kwa mwezi, na picha imfikie mkononi baada ya saa ngapi. Majibu hayo manne huandikwa kama mahitaji yanayopimika, na kila kinachofuata hupimwa dhidi yake. Timu inayoanza kwa kununua kamera nzuri kisha ikatafuta kazi ya kuipa hugundua kwa kuchelewa kwamba kamera hiyo inadai umeme ambao paneli haziwezi kutoa, au inazalisha picha ambazo redio haiwezi kuzishusha.

Fizikia nayo huweka mipaka yake mapema. Lenzi inayoingia ndani ya upana wa sentimita 10 haiwezi kuzidi kipenyo cha sentimita 9 hivi, na kwa kimo cha kilomita 550 tabia ya mwanga yenyewe hairuhusu lenzi hiyo kutofautisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban mita 4. Anayetaka kuona magari barabarani mmoja mmoja anahitaji lenzi ya nusu mita, na hapo setilaiti yake si ndogo tena.

Mifumo tanzu ya chombo ni ipi?

Kwa kawaida hutajwa kiunzi kinachobeba vyote, mfumo wa umeme, kompyuta na programu zake, mawasiliano, mfumo wa kuelekeza chombo, mfumo wa kudhibiti joto, na injini iwapo ipo. Kifaa kinachofanya kazi yenyewe ya safari, kama vile kamera, huitwa mzigo wa kazi. Orodha hii ni rahisi kukariri lakini hupotosha, kwa sababu humfanya msomaji aamini kwamba kila mfumo unaweza kusanifiwa na mtu wake pembeni. Ukiongeza nguvu ya redio umeongeza betri, joto na uzito. Ukibadili obiti, yaani njia ya chombo kuizunguka Dunia, umebadili muda kinaokaa ndani ya kivuli cha Dunia, idadi ya mawasiliano kwa siku na umri wa chombo.

Obiti huchaguliwaje?

Uchaguzi wa obiti ndio uamuzi mzito kuliko yote, na mfano wake bora umetokea katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi na kuendeshwa na Waitalia. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 na ushee iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota na galaksi. Wanasayansi wake, wakiongozwa na Riccardo Giacconi, hawakuifuata Malindi kwa ajili ya mandhari. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako ukanda wa mnururisho, yaani chembe zenye nguvu zilizonaswa na sumaku ya Dunia, hushuka karibu zaidi na Dunia, na vihesabio vya eksirei hupumbazwa na chembe za ukanda huo. Roketi iliyorushwa kutoka nyuzi tatu kusini mwa ikweta huifikia obiti hiyo bila kupoteza nguvu kwa kupinda njia, na tena hubebwa na mzunguko wa Dunia, ambao katika ikweta una kasi ya mita 465 kwa sekunde. Scout ilikuwa roketi ndogo, kwa hiyo kila mita ya mwendo iliyopatikana bure ilikuwa na thamani.

Matokeo yake yalikuwa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa mchango wake katika taaluma hiyo. Kituo cha ardhini cha Malindi kimeendelea kupokea data za setilaiti za namna hiyo, zikiwemo Swift na NuSTAR za NASA, kwa sababu chombo kinachozunguka juu ya ikweta hupita juu ya kituo cha ikweta karibu kila mzunguko.

Kwa nini basi setilaiti nyingi za kupiga picha, hata za nchi za ikweta, hupita juu ya ncha za Dunia?

Kwa sababu mpiga picha anajali zaidi kivuli cha mchana. Dunia imetuna kidogo katikati, na mtuno huo huisokota polepole bapa la obiti. Obiti ikiinamishwa kiasi cha nyuzi 97 au 98 kutoka ikweta, msokoto huo hufikia takriban nyuzi moja kwa siku, ambao ndio mwendo wa Dunia kulizunguka Jua. Chombo hupita juu ya mahali fulani saa ileile ya mchana mwaka mzima, na picha ya Machi inaweza kulinganishwa na ya Agosti bila kudanganywa na vivuli. Sababu ya pili ni ya mfukoni: roketi zinazobeba setilaiti ndogo kwa makumi huelekea huko, na mwenye chombo cha kilo 4 hana sauti ya kuamua roketi ielekee wapi. Taifa-1 ya Kenya iliondoka kwa njia hiyo tarehe 15 Aprili 2023, ikiwa abiria mmoja kati ya wengi ndani ya roketi ya Falcon 9 iliyorushwa kutoka Vandenberg, California.

Gharama yake ni kwamba kituo kilichopo Nairobi au Dodoma hukiona chombo cha namna hiyo mara chache tu kwa siku, ilhali kile cha ikweta kingepita karibu mara 14.

Setilaiti ndogo huhitaji umeme kiasi gani?

Swali hili linapaswa kugeuzwa: inaweza kupata kiasi gani? Mwanga wa Jua katika umbali wa Dunia una nguvu ya takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Ubavu mmoja wa setilaiti yetu una nafasi ya seli saba za sentimita 30 za mraba kila moja, na seli bora za angani hugeuza karibu asilimia 29 ya mwanga kuwa umeme. Zidisha, nawe utapata wati 8 na nukta kadhaa, Jua likiwa limeelekea ubavu huo moja kwa moja.

Lakini kwa kimo cha kilomita 550 mzunguko mmoja huchukua dakika 96 hivi, na hadi dakika 36 kati ya hizo chombo kimo ndani ya kivuli cha Dunia. Wastani hushuka hadi wati 5, na baada ya kutoa kinachopotea katika saketi za kubadilisha umeme hubaki kama wati 4 na nusu. Hicho ndicho kipato. Matumizi yakishajumlishwa, yaani kompyuta, kipokezi ambacho hakizimwi kamwe, vifaa vya kuelekeza, kamera kwa dakika chache na redio ya kurushia inayokula wati kadhaa kila inapowashwa, ziada huwa ndogo kiasi cha kumshtua anayefanya hesabu hii kwa mara ya kwanza. Njia ya kutokea ni kuongeza paneli zinazokunjuliwa baada ya chombo kuachiwa, jambo linaloleta bawaba, springi na uzi wa kukatwa kwa joto, yaani vitu vitatu vipya vinavyoweza kukataa kufanya kazi.

Betri nayo haikadiriwi kwa kuangalia kivuli kimoja. Chombo huingia kivulini mara 15 kwa siku, sawa na mara 5,500 hivi kwa mwaka, na betri ya lithiamu inayomalizwa karibu yote kila mara haitaufikia mwaka huo. Wasanifu huchagua kutumia asilimia 20 hadi 30 tu ya uwezo wake katika kila kivuli. Ikiwa chombo kinatumia wati 2 na nusu gizani, kitahitaji wati-saa 1 na nusu kwa kila kivuli, na hivyo betri ya wati-saa 6 au 7 ndiyo ya chini kabisa. Mwenye busara ataweka ya 10.

Kwa nini picha zinapigwa nyingi lakini zinazofika ardhini ni chache?

Kwa sababu redio ndiyo mlango mwembamba wa mfumo mzima. Chombo kikipita juu ya kituo huonekana kwa dakika 10 hivi katika mpito mzuri. Redio ya kawaida ya setilaiti za vyuo, inayotumia masafa ya takriban megahezi 437 kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, itashusha chini ya megabaiti moja katika muda huo, hata kama hakuna neno lililopotea njiani. Picha moja ya megabaiti 5 itahitaji mipito saba au minane. Ukihamia masafa ya gigahezi mbili na zaidi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, mpito uleule hushusha megabaiti 150, lakini sasa ardhini unahitaji antena ya sahani inayofuata chombo kwa usahihi, na juu unahitaji umeme zaidi.

Jibu jingine ni kuchuja picha hukohuko juu: kompyuta ya chombo ikigundua kwamba picha imejaa mawingu, huifuta kabla haijaipotezea redio muda wake. Kwa nchi zenye misimu miwili ya mvua, hatua hii inaokoa zaidi kuliko kununua redio ghali.

Chombo hujuaje kinaangalia wapi, na hugeukaje pasipo hewa?

Hujua kwa kutumia vihisi vya Jua, kipima sumaku kinachosoma uga wa Dunia, na kamera ndogo inayotambua mpangilio wa nyota. Hugeuka kwa magurudumu yanayozungushwa na mota ndani yake: gurudumu likizunguka upande mmoja, chombo kizima huzunguka upande wa pili. Magurudumu hayo yakikusanya mwendo kupita kiasi, koili za umeme husukumana na uga wa sumaku wa Dunia ili kuyapunguza kasi.

Usahihi unaohitajika unatokana na mzigo wa kazi. Kosa la nyuzi moja kutoka kilomita 550 huihamisha picha kwa karibu kilomita 10 ardhini. Mtikisiko ni adui mwingine: ardhi hupita chini ya chombo kwa kasi ya kilomita 7 kwa sekunde, na picha ya mita 4 kwa kila nukta lazima ichukuliwe kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya 1,700 ya sekunde, la sivyo itafifia.

Darubini ya Kepler ya NASA ilirushwa mwaka 2009 ikiwa na magurudumu manne na ikihitaji matatu. La kwanza lilikufa Julai 2012 na la pili Mei 2013. Wahandisi waligundua kwamba wakikielekeza chombo kwa namna ambayo msukumo wa mwanga wa Jua unagawanyika sawasawa pande zote mbili za paneli, magurudumu mawili yaliyobaki yanatosha, na Kepler ikaendelea kutafuta sayari hadi ilipoishiwa fueli mwaka 2018.

Je, angani ni baridi au joto?

Vyote viwili, tena katika saa ileile. Pasipo hewa, joto halipeperushwi. Huondoka kwa kumulika tu, au hupita kwenye chuma kinachogusana na chuma. Sehemu inayosumbua zaidi ni betri, kwani betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi huharibika kabisa. Ndiyo maana huwekwa katikati ya chombo, mara nyingi na kipasha joto chake, na kipasha joto hicho hula umeme wakati wa kivuli, yaani wakati ambapo umeme ni haba.

Ni lini chombo kinahitaji injini, na fueli hukadiriwaje?

Setilaiti nyingi ndogo hazina injini kabisa. Pale inapohitajika, swali si umbali wa safari bali ni kiasi gani cha mwendo kitabadilishwa, na hesabu yake ni mlinganyo wa Konstantin Tsiolkovsky uliochapishwa mwaka 1903. Chombo kinachotumia haidrazini, fueli ya kimiminika, na kutaka kubadili mwendo kwa mita 100 kwa sekunde kitatenga chini ya asilimia 5 ya uzito wake kwa fueli. Kikitaka mita 2,000 kwa sekunde, fueli inafikia asilimia 60, na kila kifaa kinachoongezwa kinadai fueli ya kukibeba pamoja na fueli ya kuibeba fueli hiyo.

Injini za ayoni, zinazosukuma chembe za gesi kwa umeme, hutoa gesi kwa kasi kubwa zaidi, na kwa kazi ileile ya mita 2,000 zinaweza kuridhika na asilimia 7 hivi. Chombo cha Dawn, kilichozitembelea Vesta na Ceres kati ya Mirihi na Mshtarii, kilibadili mwendo wake kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde kikiwa kimeondoka na kilo 425 tu za gesi ya zenoni. Bei yake ni subira, maana msukumo wake ni hafifu na huendelea kwa miezi, na tena inahitaji paneli kubwa.

Safari ya kwenda sayari nyingine hupangwaje?

Kalenda huja kwanza. Dunia na Mirihi hufikia mkao unaofaa takriban kila baada ya miezi 26, na chombo kinachopita njia yenye kutumia fueli kidogo husafiri miezi minane na nusu hivi. Nahodha wa jahazi aliyekosa pepo za kaskazi hakubishana nazo. Alingoja mwaka mwingine. Chombo cha InSight, kilichokuwa kinakwenda Mirihi, kilitakiwa kuondoka Machi 2016, lakini ombwe la kipima mitetemo chake lilikuwa likivuja, na kurekebisha kasoro hiyo kuliisogeza safari hadi Mei 2018. Kwa sababu hiyo ratiba ya chombo cha sayari hupangwa kurudi nyuma kutoka siku ya kurushwa, na mfumo tanzu unaochelewa huwa hauchelewi wiki mbili bali miaka miwili.

Umbali wa Jua hubadili usanifu mzima. Paneli za Juno, chombo cha NASA kilichotumwa Mshtarii (Jupita), zingetoa takriban kilowati 14 karibu na Dunia; kwenye Mshtarii zilitoa kama wati 500 tu.

Kwa nini wahandisi huongeza asilimia juu ya kila kadirio?

Kwa sababu uzito na matumizi ya umeme hukua kila mchoro unapogeuka kuwa kitu halisi. Desturi inayotumika sana Ulaya ni kuongeza asilimia 5 kwa kifaa kilichokwisha kuruka na kisichobadilishwa, 10 kwa kilichorekebishwa, na 20 kwa kipya, kisha asilimia 20 nyingine juu ya jumla ya chombo. Wasimamizi wengi hutamani kuila akiba hiyo mapema ili kuongeza kifaa kimoja zaidi. Kwa maoni yetu, kiongozi wa mradi anayejua kukataa ombi la namna hiyo ana thamani kuliko programu yoyote ya kukokotoa.

Kompyuta ya kawaida ya simu inaweza kutumika?

Inaweza katika obiti za chini na kwa safari fupi, mradi ikubalike kwamba chembe za mnururisho zitageuza biti za kumbukumbu au kuifanya saketi ikwame huku ikivuta umeme mwingi. Kinga ya bei nafuu ni saa ya uangalizi inayoiwasha upya kompyuta iliyonyamaza, pamoja na swichi inayokata umeme unapozidi. Kila programu iwe na hali ya usalama: chombo kikichanganyikiwa, kizime kisichohitajika, kielekeze paneli kwenye Jua na kisubiri amri.

Ni majaribio gani yasiyoweza kurukwa?

Kutikiswa kama kinavyotikiswa ndani ya roketi, kukaa ndani ya tangi la ombwe huku kikipashwa joto na kupozwa kwa zamu, na kuendeshwa kikiwa kizima, kwa betri yake na redio yake, kwa siku kadhaa mfululizo. La tatu ndilo linalokatwa ratiba inapobana, nalo ndilo lenye kufichua mengi, kwani makosa makubwa hukaa kwenye maungio. Mwaka 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama za metriki. Mwaka 1996 roketi ya kwanza ya Ariane 5 ilijiharibu chini ya sekunde 40 baada ya kuruka, kwa kuwa programu iliyoazimwa kutoka Ariane 4 ilikutana na namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Katika visa vyote viwili hakuna kifaa kilichovunjika chenyewe.

Chuo cha Afrika Mashariki kinaweza kuanzia wapi?

Kwa kushirikiana na wenye uzoefu huku kazi ya mikono ikifanywa na wanafunzi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10, pamoja na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Kikaachiwa kutoka moduli ya Kibo ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018, kupitia mpango wa JAXA, shirika la anga la Japani, na Umoja wa Mataifa. Wahandisi wa Uganda walijifunza kwa kutengeneza PearlAfricaSat-1 nchini Japani, nayo ikaachiwa Desemba 2022. Ombi la masafa ya redio lipelekwe mapema kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ambayo ndiyo hulifikisha kwenye Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Uratibu huo unaweza kuchukua muda mrefu kuliko kutengeneza chombo chenyewe, na chombo kisicho na masafa hakipandishwi kwenye roketi.

Chombo kikimaliza kazi kinakwenda wapi?

Hili hujibiwa kwenye mchoro wa kwanza. Kikiachiwa kwenye kimo cha kilomita 400, hewa hafifu hukivuta na kukiunguza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa kilomita 550 inaweza kuchukua miaka mingi, ikitegemea ukubwa wa chombo kulinganisha na uzito wake, na pia hasira za Jua: Februari 2022 dhoruba ya sumaku iliivimbisha angahewa na takriban setilaiti 40 kati ya 49 za intaneti za Starlink zilizokuwa zimerushwa karibuni zikaanguka kabla hazijapanda. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kukiondoa chombo ndani ya miaka 25 baada ya kazi kwisha. Marekani sasa inadai miaka mitano kwa wanaopewa leseni zake. Anayevuka kilomita 600 bila injini atenge nafasi na uzito wa tanga la kuvutwa na hewa, na programu yake iwe na amri ya mwisho ya kuitoa betri chaji na kuizima redio moja kwa moja.